Kabla ya Kununua Basi, Tuhesabu Abiria
(Hotuba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Kumi)



Leo twatimiza miaka kumi tangu vyama vyetu vya msingi vilipokubaliana kuwa na Chama Kikuu kimoja. Hapana shaka wengi wenu mlitazamia kusikia habari za mizani, magunia na bei. Lakini sisi wa Halmashauri tumeagizwa tuseme juu ya shauri lililoletwa mbele yenu, yaani kutoa sehemu ya akiba yetu na kununua mabasi ya abiria yatakayofanya kazi katika jiji la Dar es Salaam. Akiba hiyo ni jasho la mkulima. Basi kabla hamjainua mikono, yatupasa kuwaeleza yale ambayo wataalamu wa vyuo vikuu wameyaona katika uchunguzi wao wa usafiri wa mijini.

Jambo la kwanza ni hili: wingi wa mabasi si sawa na wepesi wa safari. Mwaka 1964 wataalamu wawili wa hesabu, G. F. Newell na R. B. Potts, walieleza kwa nini mabasi ya njia moja hupenda kufuatana mawili mawili. Basi likichelewa kidogo, hukuta watu wengi zaidi kituoni. Kuwapakia huchukua muda, nalo huzidi kuchelewa. Basi la nyuma hukuta watu wachache, huenda upesi, na mwishowe hulifikia lile la mbele. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini abiria ndiye aumiaye.

Tupige hesabu. Tuseme njia moja ina mabasi sita kwa saa. Yakipita kila baada ya dakika 10, mtu afikaye kituoni wakati wowote atangoja, kwa wastani, dakika 5. Lakini mabasi yale yale sita yakienda mawili mawili, kila baada ya dakika 20, mtu yule atangoja wastani wa dakika 10. Mabasi hayakupungua, wala mafuta hayakupungua, lakini kungoja kumekuwa maradufu. Na la pili katika kila jozi litakwenda nusu tupu kwa gharama ya mwenyewe. Kwa hiyo anayenunua basi asipoweka utaratibu wa kuachanisha mabasi, amenunua hasara.

Jambo la pili lahusu wafanyakazi. Mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa Dar es Salaam mwaka 1983, nayo yakaitwa daladala. Tangu hapo watu wamezoea kuwalaumu madereva kwa mwendo wa kasi na kwa kujaza abiria kupita kiasi. Mtafiti Matteo Rizzo, wa chuo cha SOAS cha London, aliwachunguza wafanyakazi hao kwa miaka mingi, akatoa kitabu mwaka 2017. Aliona kwamba walio wengi hawana gari wala mkataba wa kazi. Kila siku humpelekea mwenye gari fedha iliyopangwa, ambayo wenyewe huiita hesabu, na mafuta hununua wao. Kinachobaki ndicho chakula cha watoto wao. Mtu wa namna hiyo atapunguzaje mwendo? Ndugu Wanachama, sisi wakulima twamfahamu sana mtu atoaye nguvu zake bila kuwa na sauti katika bei. Kwa ajili hiyo hasa tuliunda ushirika. Ingekuwa aibu leo tugeuke kuwa wale tuliokuwa tukiwanung'unikia.

Jambo la tatu ni faida ya kujua kabla ya kutenda. Katika jiji la Nairobi, matatu zilikuwa zikibeba umma mkubwa kila siku, lakini hapakuwa na ramani kamili ya njia zake iliyowekwa wazi kwa watu wote. Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na vyuo vya Columbia na MIT vya Marekani, vilifanya kazi hiyo. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu za mkononi, wakaandika kila kituo na kila kona. Ramani iliyotolewa mwaka 2014 ilionyesha njia zaidi ya 130. Kazi hiyo haikuhitaji mitambo ya ajabu. Ilihitaji subira, miguu na daftari. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo watakaosema kwamba Dar es Salaam imekwisha pata mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni katika njia zake yenyewe. Ni kweli, na njia ile iliwaokoa wengi katika msongamano wa magari. Lakini hata huko abiria waliendelea kulalamikia uchache wa mabasi na foleni ndefu vituoni. Barabara njema peke yake haimpeleki mtu kazini.

Nasi hatuna haki ya kujisifu. Katika mwaka wetu wa sita tulinunua lori la kuchukua mazao bila kuhesabu mizigo. Wakati wa mavuno halikutosha, na baada ya mavuno lilisimama uani, matairi yakaliwa na jua. Kosa lile lilikuwa letu sisi wa Halmashauri, wala hatumsingizii mtu.

Basi twapendekeza mambo matatu. Kwanza, ununuzi usifanywe mpaka makarani wetu wamesimama vituoni kwa mwezi mzima, asubuhi na jioni, siku za mvua na za jua, wakihesabu abiria na dakika za kungoja. Pili, ikiwa mabasi yatanunuliwa, dereva na kondakta walipwe mshahara wa mwezi, wasipangiwe hesabu ya kila siku. Tatu, awepo msimamizi wa kuachanisha mabasi njiani. Ikiwa gharama za mambo hayo zitazidi mapato yatakayoonekana katika daftari, fedha ibaki katika akiba.

Uamuzi ni wenu. Kila mwanachama ana kura moja, awe na ekari moja au ishirini. Sisi twaomba tu kwamba kura hiyo ipigwe kwa macho yaliyo wazi, ili watakaokutana hapa miaka kumi ijayo wakute akiba yetu imezaa.