Vitabu vya Abu Jaafar na Mashahidi wa Namugongo



Marehemu Bibi Radwa Ashour wa Misri alitoa riwaya yake, Granada, mwaka 1994. Humo yumo Abu Jaafar, fundi wa kujalidi vitabu, katika mji uliotwaliwa na Wahispania mwaka 1492. Watawala walipochoma vitabu vya Kiarabu, jamaa zake walivificha vyao.

Nasi Buganda tulipatwa na dhuluma. Mwaka 1876 Kabaka Mutesa I aliamuru Waislamu wauawe Namugongo, kwani walikataa nyama iliyochinjwa kinyume cha sharia. Ni nani hapa awezaye kutaja majina yao matano?

Basi wazee, wasimulieni wajukuu, vijana, andikeni. Mwenyezi Mungu awarehemu mashahidi wetu. Amin.