Kifusi cha Mgodi Hakiishi kwa Kutupwa

(Haya ni maandishi ya hotuba iliyotolewa mbele ya wazee na vijana)



Nimeombwa niseme juu ya taka za migodi ya makaa ya mawe. Huenda baadhi yenu mkajiuliza, je, taka nazo zina maneno ya kuzungumzwa mbele ya kikao kama hiki? Jawabu langu ni kwamba taka hizo ni amana mikononi mwa aliyezichimbua, na amana ikipuuzwa huwadhuru wasio na hatia.

Mgodi hautoi makaa peke yake. Makaa hutoka pamoja na mawe na udongo, na yakisha kuoshwa hubaki tope laini jeusi. Vitu hivyo havina mnunuzi. Basi hurundikwa jirani na mgodi kwa gharama ndogo, mpaka rundo likawa kilima. Mtazamaji hudhani kilima hicho ni imara kama vilima vingine. Sivyo hata kidogo. Maji yakiingia ndani yake na kukosa njia ya kutokea, huzisukuma chembe za kifusi zisishikane, na kilichokuwa kigumu hutiririka kama uji.

Hayo ndiyo yaliyokipata kijiji cha Aberfan, huko Wales, Uingereza. Juu ya mlima ulio nyuma ya kijiji yalikuwako marundo saba ya kifusi cha mgodi wa Merthyr Vale. Rundo la saba lilianzwa mwaka 1958, nalo liliwekwa juu ya chemchemi iliyokuwa imekwisha onyeshwa katika ramani. Tarehe 21 Oktoba 1966, yapata saa tatu na robo asubuhi, baada ya mvua za siku nyingi, rundo hilo liliporomoka. Kifusi cha zaidi ya meta za ujazo 100,000 kilishuka, na sehemu yake ikaifunika shule ya msingi ya Pantglas pamoja na nyumba za jirani. Watu 144 walifariki, na kati yao 116 walikuwa watoto.

Ndugu zangu, msiba huo haukuja bila onyo. Baada ya rundo jingine kuporomoka huko Cilfynydd mwaka 1939, uliandikwa waraka wa kueleza namna ya kuzuia maporomoko. Hapo Aberfan penyewe, rundo la nne liliporomoka mwaka 1944, na hilo la saba likateleza mwaka 1963. Mwaka huo huo mhandisi wa halmashauri aliandika barua juu ya hatari ya tope lililomwagwa nyuma ya shule. Mwaka 1965 wazazi walitia sahihi malalamiko yao kwa sababu ya mafuriko shuleni. Elimu ilikuwapo na sauti zilikuwapo. Yaliyokosekana ni masikio.

Tume iliyoongozwa na Jaji Edmund Davies ilikaa siku 76, na katika taarifa yake ya Agosti 1967 iliitwika lawama Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, iliyokuwa haina utaratibu wowote wa kusimamia marundo. Hata hivyo hapana aliyeshtakiwa. Na wanakijiji walipodai marundo yaliyobaki yaondolewe, zilichukuliwa pauni 150,000 kutoka katika mfuko wa misaada waliyochangiwa wafiwa. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, karibu miaka thelathini baadaye. Je, kuna haki gani katika kumtoza aliyefiwa gharama ya kuondoa kilichomuulia mwanawe?

Mwaka 1969 Uingereza ilitunga sheria ya usalama wa marundo hayo. Kwa ufupi, mafunzo yake ni haya. Kwanza, ardhi ichunguzwe kabla ya kumwaga toroli la kwanza, na kamwe kifusi kisiwekwe juu ya chemchemi au kijito. Pili, maji yachimbiwe mifereji, na tope la kuoshea makaa litengwe na mawe makavu. Tatu, kifusi kishindiliwe tabaka kwa tabaka, na rundo likaguliwe na mtu mwenye ujuzi, naye aandike aliyoyaona. Nne, mgodi ukifungwa, rundo lifunikwe udongo na kupandwa majani, na ukaguzi uendelee.

Hili la nne ndilo husahauliwa zaidi. Mwezi Februari 2020, mvua kubwa ililiporomosha rundo la zamani huko Tylorstown, Wales, ingawa safari hiyo hakufa mtu. Ndipo yalipohesabiwa marundo zaidi ya 2,000 yaliyoachwa, na mwaka 2025 Wales ikapitisha sheria mpya ya kuyasimamia. Wengi wa waliochimba makaa hayo wamekwisha kufa. Kifusi chao kingali kinawadai wajukuu.

Nasi Tanzania tunachimba makaa ya mawe, kama kule Ngaka wilayani Mbinga. Basi anayekaa chini ya mlima akisema kwamba maji yamebadilika rangi au ardhi imepasuka, asiambiwe kuwa hana elimu. Yeye ndiye mkaguzi wa kwanza. Na mwenye mgodi anapopiga hesabu ya faida, aanze kwa kutoa gharama ya kifusi chake, kabla mwingine hajailipa kwa roho yake.