Mto Lumi: Mvua ya Rombo, Matope ya Jipe



Lumi ni mto mfupi, lakini ni mto wa nchi mbili. Chanzo chake kiko kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kilimanjaro, upande wa kilele cha Mawenzi, nchini Tanzania. Maji hushuka kuelekea kusini, hupita karibu na mji wa Taveta na kuingia Ziwa Jipe. Ndiyo maana mwenye migomba kando ya mto anaweza kuamka na kukuta shamba limejaa maji ilhali Taveta haikunyesha hata tone. Mvua ilinyesha Rombo.

Wapo wanaosema Lumi hutoka Ziwa Chala. Sivyo. Chala ni ziwa la shimo la volkano, na hakuna mto unaotoka humo juu ya ardhi. Maji yake hupenya chini kwa chini.

Maji ya Lumi hayaji peke yake. Kila mteremko uliokatwa miti na kila ukingo uliolimwa hadi majini huupa mto udongo wa kubeba. Mto ukifika tambarare hupunguza mwendo, na mzigo huo hutuliwa Jipe. Jipe si ziwa lenye kina. Kwa wastani halifiki mita 3. Matope yakiingia, matete hupata pa kuota. Matete nayo hunasa matope zaidi, na mvuvi hukosa njia ya kupitisha mtumbwi. Humo ndimo anamoishi perege wa Jipe, samaki wa bonde hili la Pangani ambaye sasa yumo hatarini kutoweka.

Kuna jambo jingine ambalo watu wachache hulitazama. Lumi huingia ziwani upande wa kaskazini-magharibi, na Mto Ruvu hutoka upande huohuo. Mlango ukizibwa na matope na matete, maji ya Lumi yanaweza kukata kona na kwenda zake Ruvu bila kulijaza ziwa. Ruvu huyapeleka bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Wa huko pia wanayategemea, kwa mashamba na kwa umeme.

Yaliyo Rombo yanahitaji mazungumzo ya serikali mbili. Ya ukingoni hapa Taveta hayahitaji pasipoti. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto, kulingana na upana wake, usiolimwa wala kujengwa. Anayevuta maji kwa pampu au mfereji wa kumwagilia anatakiwa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Asiye nacho aanzie kwa chama cha watumiaji maji cha eneo lake, aulize utaratibu, kabla kiangazi hakijawagombanisha majirani.