KUTIA UKINGO WA MBAO KWENYE KAUNTA YA FORMICA
(Maelezo kwa kikundi cha maseremala na wenye hoteli za chai)



Kaunta ni mtaji wa mtu. Formica ya juu haipitishi maji, lakini ndani mara nyingi mna chipbodi, yaani chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Maji yakiingia pembeni chipbodi huvimba, na hata ikikauka hairudi ilivyokuwa. Kwa hiyo ukingo si pambo tu. Ndio mlinzi wa kaunta.

Kwanza, bandueni ukanda wa zamani wa pembeni, kwa sababu gundi ya mbao haishiki kwenye Formica. Pigeni msasa, kisha futeni vumbi.

Pili, kateni ubao mwembamba wa mti mgumu uliokauka. Kwenye kona, kila ncha ikatwe nyuzi 45.

Tatu, pakeni gundi nyeupe ya mbao. Mkitumia misumari midogo, toboeni matundu kwanza, ubao usipasuke. Kazeni kwa jiliwa, au kamba na kabari, mpaka kesho yake.

Nne, pakeni vanishi mara 3, upande wa chini pia. Jazeni kila ufa, maana maji hupita penye ufa.

ANGALIENI: Mvuke wa vanishi hushika moto. Ipakeni nje, mbali na jiko la mkaa, sigara na watoto. Nyumba zetu zimebanana. Moto wa mmoja ni wa wote.