Chambo Kinachomnasa Mvuvi

 Katika mazungumzo ya leo twataka kutazama pamoja jambo ambalo huenda wengine wataliona kuwa dogo, yaani jinsi ya kuchagua vyambo na vifaa vya kuvulia samaki. Tusilidharau. Katika kuchagua vitu vidogo fedha za nyumbani hupotea, na mara nyingine uhai wa mtu hupotea pia.

Samaki tutakayemzungumzia ni yule ambaye wengi humwita blakibasi. Asili yake si Kenya. Alitolewa Marekani akatiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929, na tangu hapo amelisha watu wengi na kuwafurahisha wavuvi wa ufito. Kinywa chake ni kipana, naye ni mwindaji. Hula samaki wadogo, vyura, wadudu, na wale kamba wekundu wa maji baridi waliotiwa Naivasha mwaka 1970. Hapendi kutangatanga mahali peupe. Hujificha kando ya mafunjo, chini ya magogo na katikati ya magugu, akingoja kitu kipite karibu, kisha hukirukia kwa nguvu.

Kwa sababu ya tabia hiyo, watu waligundua kwamba anaweza kudanganywa kwa chambo cha bandia, yaani kipande cha mti, chuma au plastiki kilichofanywa kifanane na chakula chake. Huko Marekani husimuliwa habari za James Heddon wa mji wa Dowagiac, katika jimbo la Michigan. Yasemekana siku moja alikuwa ameketi kando ya bwawa akichonga kijiti. Alipokitupa majini, blakibasi akaruka akakipiga. Baadaye jamaa hiyo ikawa na kiwanda cha vyambo vya mti. Mwaka 1949 Nick Creme wa Akron, Ohio, alitengeneza mnyoo wa plastiki laini. Leo vyambo ni maelfu kwa maelfu: vyekundu, vya kijani, vya kumetameta, vyenye macho ya kuchorwa na mikia ya manyoya.

Sasa, ndugu msikilizaji, tujiulize: rangi hizo zote zimepakwa kwa ajili ya nani? Samaki hana mfuko wa fedha, wala haingii dukani. Anayeingia dukani ni sisi. Vyambo vingi vimepambwa ili vitunase sisi kwanza, na vikishatunasa, mtengenezaji hana haja tena ya kuuliza kama samaki atavitazama. Mtume Yakobo aliyajua mambo haya. Katika sura ya kwanza ya waraka wake, anapoeleza jinsi mtu anavyoponzwa na tamaa iliyo ndani yake mwenyewe, ametumia neno la Kiyunani lililotokana na chambo. Kumbe ndoana yaweza kuwa imefichwa katika kitu tulichokipenda wenyewe!

Hebu tusikie habari za kijana mmoja. Mwaka 1932, wakati wa shida kubwa ya uchumi huko Marekani, kijana mkulima aitwaye George Perry alikwenda kuvua pamoja na mwenzake katika jimbo la Georgia. Yasimuliwa kwamba wawili hao walikuwa na chambo kimoja tu cha mti, wakipokezana ufito. Siku hiyo, tarehe 2 Juni, Perry alimtoa blakibasi mwenye uzito wa kilo 10 na kidogo. Uzito huo ulipimwa na kuandikwa, kisha samaki akapelekwa nyumbani akaliwa na jamaa. Miaka 77 ikapita, wavuvi wenye mashua za fahari na masanduku yaliyojaa vyambo wakijaribu kumfikia. Mnamo mwaka 2009 tu ndipo Manabu Kurita, katika Ziwa Biwa nchini Japani, alipompata mwingine aliyehesabiwa kuwa sawa na yule. Hatusemi kwamba umaskini huvua samaki. Twasema kwamba wingi wa vyambo si kitu, kama mtu hajui mahali samaki alipo na anachokula.

Basi twachaguaje? Tuanze na maji. Maji yakiwa meupe, samaki huona vizuri, nasi twahitaji chambo kidogo chenye rangi ya kawaida, kama samaki mchanga au kamba wa hapo hapo. Maji yakiwa ya tope, kama pale Mto Malewa unapoleta udongo Naivasha wakati wa mvua, rangi nzuri haifai kitu. Hapo chagua chambo cheusi au cha rangi iliyokolea, ambacho kivuli chake chaonekana, au chenye kijiko cha chuma kinachozunguka na kutikisa maji. Blakibasi ana mstari ubavuni ambao kwa huo husikia mtikiso hata asipoona.

Kisha tutazame kina. Chambo cha kuelea hufaa asubuhi na jioni, samaki apandapo kuwinda karibu na uso wa maji. Chambo chenye mdomo wa plastiki mbele hupiga mbizi kinapovutwa, na kwa kawaida mdomo ukiwa mrefu na mpana, kitakwenda chini zaidi. Mahali penye magugu na mafunjo, mnyoo wa plastiki ndio bora, kwa kuwa ncha ya ndoana yaweza kufichwa ndani ya mwili wake isikwame. Mtu mwenye vyambo vitatu vya namna hizi, naye ajua kuvitumia, hahitaji sanduku zima.

Fedha iliyobaki iende katika vitu visivyometameta. Mshipi ndio unaobeba kila kitu. Mita ya kwanza, iliyo karibu na ndoana, ipitishe kati ya vidole, na ukisikia mkwaruzo, ikate uitupe, lakini si ziwani, maana ndege hunaswa miguu. Ufungapo fundo, lilowanishe kwa maji kabla ya kulikaza, kwa sababu joto la msuguano hudhoofisha mshipi. Ncha ya ndoana ijaribu juu ya ukucha wa kidole gumba: ikiteleza, ni butu, ikishika, ni kali. Ununuapo ufito uliotumika, pitisha pamba katika pete zake zote. Pamba ikinaswa, pete hiyo ina ufa, nayo itakula mshipi wako. Na zile chubwi za risasi usizibane kwa meno, wala usiwaachie watoto wachezee, kwa maana risasi ni sumu.

Kuna kifaa kingine ambacho hakivutii mtu hata mmoja dukani, nacho ndicho cha kununuliwa kwanza. Ni jaketi la kuokolea uhai. Naivasha asubuhi huweza kuwa tulivu kama maji ya bakuli, na alasiri upepo ukavuma na mawimbi yakainuka. Tena mna viboko. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hurudi kunako mapambazuko, kwa hiyo mvuvi asisimame katika njia yake, wala asikae kati yake na maji. Tumwambie nini mama aliyeletewa ufito mpya na sanduku la vyambo, lakini mume hakurudi? Mwenye kwenda majini na awe na jaketi, awe na mwenzake, na awe na leseni ya uvuvi. Kama fedha hazitoshi kwa vyote, chambo kisubiri.

Lipo jambo la mwisho, wapenzi, nalo ndilo zito kuliko yote. Blakibasi anapozaa, dume husafisha mahali pa duara katika maji yasiyo na kina, na jike akishataga mayai, dume hubaki kulinda. Hulinda mayai, kisha hulinda wachanga siku nyingi. Wakati huo ukipitisha chambo hapo, atakirukia. Mara nyingi haji kwa njaa. Amedhani adui amekuja kwa watoto wake, naye amekuja kumfukuza. Hivyo mvuvi anamnasa kwa ule ulinzi wake. Akiondolewa, samaki wengine huingia mara moja wakala mayai na wachanga. Mvuvi amepata samaki mmoja, na ziwa limepotewa na jamaa nzima.

Basi kifaa tunachochagua chaonyesha kama tumeifikiria kesho. Ukimwona samaki amesimama juu ya kiota, peleka chambo chako pengine. Bana kijino cha ndoana kwa koleo, ili ukimpata samaki usiyemhitaji, uweze kumfungua bila kumrarua. Lowanisha mikono kabla ya kumshika, kwa sababu ute ulio juu ya ngozi yake ni kinga yake dhidi ya maradhi. Ndoana moja ni rahisi kuitoa kuliko ile yenye meno matatu. Na hata sisi tusiotumia ufito tujihoji, kwa kuwa wavu wenye macho madogo ni chambo kwa mwenye haraka. Hujaa upesi, lakini hujaa wachanga. Mwaka 2001 ilibidi uvuvi wa Ziwa Naivasha ufungwe kwa muda ili samaki wapate kuongezeka. Katika miezi ya namna hiyo, wenye kuumia ni watu wa kando ya ziwa: mama mwenye kukaanga, kijana mwenye kubeba, mtoto mwenye kungoja karo.

Mtume Petro alikuwa mvuvi wa nyavu, lakini Mathayo ametuandikia siku moja alipotumwa ziwani na ndoana. Wakati huo wadai kodi walikuwa wamekuja. Bwana hakumwambia akajaze mashua. Alimwambia atupe ndoana, amchukue samaki wa kwanza, na kinywani mwake ataona sarafu ya kuwatosha wao wawili. Ndoana moja ilitosha kwa haja hiyo, wala Bwana hakumwagiza Petro atupe tena. Sisi je, tukipata samaki wa kututosha, twajua kukunja mshipi?

Kwa hiyo, ndugu yetu, siku utakaposimama mbele ya vyambo vile vya rangi rangi, ngoja kidogo. Jiulize kwanza kama maji unayoyaendea yanakihitaji kitu hicho, au ni macho yako tu. Uliza kama nyumbani wamekula. Uliza kama jaketi lipo. Ukiona majibu ni mema, nunua kimoja, uende kwa amani, nasi twakutakia samaki mwema. Ukiona si mema, kirudishe mahali pake. Hapo utakuwa umeiona ndoana kabla haijakushika, na hilo hata blakibasi mkubwa, aliyezeeka ziwani, hujifunza: akiisha kuponyoka mara kadhaa, hutazama sana kabla ya kufungua kinywa.

Mungu awalinde wote walio majini usiku na mchana, awarudishe salama kwa jamaa zao, na kutupa sisi sote moyo wa kuridhika. Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena katika mazungumzo yajayo.