Macho ya Manjano Katikati ya Dozi ya Kifua Kikuu: Je, Dawa Ndiyo Chanzo?

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya mkutano wa wakazi wa kata)



Mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida hutumia dawa kwa miezi 6. Katika miezi 2 ya mwanzo humeza dawa nne kwa pamoja, nazo ni rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi 4 inayosalia huendelea na mbili za kwanza. Dawa hizi hutolewa bila malipo, na wengi mno wamepona kwazo. Hata hivyo, tatu kati yake, yaani zote isipokuwa ethambutoli, zaweza kulidhuru ini la watu wachache, na aghalabu jambo hilo hujitokeza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Hapo mgonjwa husimama penye njia panda. Akiendelea kumeza dawa ilhali ini linazidi kuharibika, aweza kupoteza maisha. Akiziacha kwa uamuzi wake, ugonjwa hurejea, huwaambukiza walio nyumbani, na vimelea vyaweza kuwa sugu.

Kwanza kuna hofu moja ya bure inayofaa kuondolewa. Rifampisini huugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa na rangi ya machungwa. Hiyo ni rangi ya dawa yenyewe ikitoka mwilini, wala si ugonjwa, na inasikitisha kwamba mtu aweza kuitupa dozi kwa kuiona. Dalili za ini ni nyingine: hamu ya chakula hupotea, kichefuchefu na kutapika hufuata, mwili huchoka pasipo kazi, tumbo huuma chini ya mbavu za kulia, na hatimaye weupe wa jicho hugeuka manjano. Kwa kuwa rangi ya rifampisini huuficha mkojo, jicho ndilo shahidi wa kutegemewa zaidi, nalo litazamwe mchana, nje ya nyumba.

Mgonjwa akifika kituoni na dalili hizo, damu yake hupimwa vimeng'enya vya ini. Vikiwa vimepanda kidogo tu na mgonjwa hana dalili, dawa huendelea chini ya uangalizi, kwani mara nyingi hushuka vyenyewe. Vikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida kwa mtu mwenye dalili, au mara 5 kwa asiye na dalili, daktari husimamisha dawa. Umanjano ukiambatana na vimeng'enya vilivyopanda hivyo ni hatari isiyongoja kesho.

Lakini kipimo hicho husema tu kwamba ini limeumia, hakitaji aliyeliumiza. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema kwa yakini, "ni isoniazidi". Daktari hulazimika kufanya kazi kama ya baraza la usuluhishi: kusikiliza, kulinganisha tarehe, na kuwaondoa watuhumiwa mmoja baada ya mwingine.

Na watuhumiwa ni wengi. Ipo homa ya ini inayoletwa na virusi, hususan aina ya B, ambayo mtu huweza kuishi nayo miaka mingi bila kujua. Ipo pombe. Ipo parasetamoli iliyomezwa kupita kiasi. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na dawa nyingi za mafua huwa nayo ndani bila mnywaji kutambua. Ipo mitishamba. Kipo hata chakula: mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua umanjano na maumivu ya tumbo na baadhi yao wakafariki, na uchunguzi ukabaini kuwa chanzo ni sumukuvu katika mahindi. Endapo mmoja wao angekuwa katika dozi wakati huo, ingekuwa rahisi mno kuilaumu dawa.

Mwaka 1993 wataalamu wawili wa Ufaransa, Gaby Danan na Christian Benichou, walichapisha utaratibu wa alama uitwao RUCAM. Alama hutolewa kwa muda uliopita tangu dawa kuanza, kasi ya vimeng'enya kushuka baada ya dawa kusimamishwa, umri, pombe, dawa nyingine zilizotumika, na kama magonjwa mengine yamepimwa yakakosekana. Alama 9 au zaidi humaanisha kwamba yaelekea sana dawa ndiyo chanzo. 3 hadi 5 humaanisha yawezekana tu. Utaratibu huo hupwaya pale dawa nne zinapomezwa kwa pamoja, nao hauna thamani yoyote iwapo tarehe zilizotolewa si za kweli.

Hapa ndipo mgonjwa anaposhika ufunguo ambao daktari hana. Na uchukuliwe mfano wa mkulima aliye katika wiki ya 6 ya dozi, ambaye macho yamegeuka manjano, na ambaye anaona haya kusema kwamba siku 10 zilizopita alianza kunywa mizizi iliyochemshwa. Akinyamaza, lawama yote huiangukia dozi, naye huhatarisha kunyimwa dawa bora alizohitaji. Tena mizizi ataendelea kuinywa. Hakuna anayeitwa kituoni ili akaripiwe.

Ini likipoa, dawa hurudishwa moja baada ya nyingine, kwa kawaida rifampisini ikitangulia, huku damu ikipimwa kila hatua. Mara nyingi hivyo ndivyo mhusika hujulikana. Zoezi hilo ni la hospitali peke yake. Kulijaribu nyumbani ni kuchezea roho.

Taarifa ya madhara hujazwa na mtoa huduma katika fomu ya njano na kupelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama fomu yake imejazwa.

Anayekwenda kituoni kwa dalili hizi achukue kadi yake ya matibabu, pakiti zote za dawa alizotumia katika miezi 3 iliyopita, za hospitali na za dukani, pamoja na majani au mizizi yenyewe ndani ya mfuko. Asiyejua kusoma aje na mtu wa nyumbani anayekumbuka siku kila dawa ilipoanza.