Mnyama wa Kwenye Simu: Nani Anamfuga Nani?

Haya ni mazungumzo ya muuguzi mmoja na klabu ya afya ya wanafunzi wa sekondari mkoani Singida. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, ili nawe msomaji uwe kama umekaa nao darasani.

Leo sikuja na habari za malaria wala minyoo. Leo tuzungumze kuhusu gemu. Tena lile gemu la taratibu, lisilo na bunduki wala kukimbizana. Unapata yai, linaanguliwa, mnyama anakuwa wako. Unamlisha, unamwogesha, unamfundisha, kisha unatafuta wengine. Na huchezi peke yako. Mko wengi humo ndani, wa hapa Singida, wa Dar, na wa nchi ambazo hujawahi kuzikanyaga. Mnatembeleana, mnabadilishana wanyama.

Sasa, mtu wa Singida hafundishwi kufuga. Kuku wetu wanajulikana mpaka Dar es Salaam. Unajua mwenyewe kwamba yai la kuku linaatamiwa siku 21, na kwamba usipochanja kideri, banda zima linaweza kuisha kwa siku chache. Chanjo yenyewe ni tone moja tu la jicho, kila baada ya miezi mitatu. Mfugaji mzuri hujiuliza kila mara: huyu mnyama anakula nini kwangu, na ananipa nini? Swali hilohilo tumuulize na mnyama wa kwenye simu.

MICHEZO HII ILIANZIA WAPI?

Mwaka 1996 kampuni ya Bandai ya Japani ilitoa kidude cha plastiki chenye umbo la yai, kinaitwa Tamagotchi. Ndani ya kioo chake kulikuwa na kiumbe kidogo. Kikiwa na njaa kinalia, na usipokihudumia kinakufa. Watoto wakakibeba mpaka darasani, na shule nyingi zikakipiga marufuku. Mwaka huohuo, hukohuko Japani, ikatoka Pokémon, iliyobuniwa na Satoshi Tajiri. Huyu bwana utotoni alipenda kukusanya wadudu, kama ninyi mlivyokimbiza panzi.

Mwaka 1999 huko Uingereza wakaanzisha Neopets, wanyama wa kufuga kupitia intaneti. Mwaka 2017 ikaja Adopt Me!, inayochezwa ndani ya Roblox, na mwaka 2019 ikaingiza wanyama wa kulea. Humo, wanyama wanne wa aina moja, ukishawalea wote wakakua, unawaunganisha kupata mmoja anayeng'aa. Wanne wanaong'aa wanatoa mmoja wa juu kabisa. Piga hesabu: umelea wanyama 16 ili upate mmoja!

JE, KUCHEZA NI VIBAYA?

Hapana. Mtu aliyetoka shambani kwenye alizeti au aliyemaliza kazi zake za shule anahitaji kupumzisha akili. Gemu hili halina matusi ya kupigana, linafundisha subira, na unaweza kulicheza na ndugu yako aliye mbali mkacheka pamoja. Anayekwambia kila gemu ni shetani, hakusaidii. Ila kuna mambo matatu mnyama huyu anaweza kuyala kwako bila wewe kujua.

KWANZA, ANAKULA USINGIZI

Mnyama anaonyesha alama: nina njaa, nina kiu, nataka kulala. Unamhurumia. Unasema dakika tano tu. Kustuka, jogoo anawika! Wataalamu wanashauri kijana wa miaka 13 hadi 18 alale masaa 8 hadi 10. Ukikosa usingizi, darasani unasinzia, unasahau, unakuwa na hasira za bure.

Sasa sikiliza siri: mnyama wa Adopt Me! hafi njaa. Ukizima simu leo, ukiiwasha kesho utamkuta vilevile. Kuku wako ukimsahau ndiye anayekufa. Kwa hiyo ukikesha, hukeshi kwa ajili ya mnyama. Unakesha kwa sababu gemu limetengenezwa ili usitoke.

Tangu Januari 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ina ugonjwa wa kucheza magemu. Dalili zake ni tatu: huwezi kujizuia, gemu linatangulia mambo mengine yote, na unaendelea hata ukiona linakuharibia maisha. Kwa kawaida mganga huangalia kama hali hiyo imedumu mwaka mzima. Kwa hiyo kucheza sana wikiendi moja si ugonjwa. Lakini ukiona dalili hizo zinaanza, usingoje mwaka. Zungumza na mtu.

PILI, ANAKULA PESA

Kuna bando, halafu kuna mayai. Unanunua yai bila kujua litatoa nini. Wanyama wa kawaida wanatoka kila mara, yule adimu mara chache sana. Ukikosa, moyo unasema: safari ijayo! Hiyo tabia tunaijua, ni ya kamari. Mwaka 2018 mamlaka ya kamari ya Ubelgiji ilisema wazi kwamba vifurushi vya bahati vinavyolipiwa pesa ndani ya magemu ni kamari. Basi pesa ya daftari au ya mafuta ya kula isiende kununua yai lisilokaangika.

TATU, NA HILI NDILO KUBWA

Chukua mfano. Msichana wa kidato cha pili anacheza kwa simu ya kaka yake. Anakuja mchezaji mwingine, anasema ana miaka 15, anamzawadia mnyama adimu. Bure! Kesho yake anamwomba wahamie WhatsApp. Wiki ijayo anasema, "Nitumie picha yako, usimwambie mtu." Halafu anataka picha bila nguo. Akishaipata, lugha inabadilika: "Tuma nyingine, la sivyo naisambaza shuleni kwenu."

Umeona njia aliyopita? Zawadi, siri, picha, vitisho. Si wanaocheza wote wako hivyo, wengi ni watoto kama wewe. Lakini huwezi kumjua mtu kwa mnyama anayetembea naye. Na wavulana, msicheke. Hili linawapata na ninyi.

Kama limeshakupata, nisikilize vizuri. Kosa si lako. Kosa ni la aliyekutisha. Usimtumie picha nyingine wala pesa, maana ukilipa mara moja atarudi. Usifute ujumbe wake, huo ni ushahidi. Mwambie mtu mzima unayemwamini: mama, shangazi, mwalimu wa ushauri, muuguzi. Ukiona aibu kusema nyumbani, piga namba 116, Simu kwa Mtoto. Ni bure. Kwenye vituo vya polisi pia kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza picha za ngono za watoto. Sheria iko upande wako.

Na wewe rafiki, ukiletewa siri kama hii usiseme "si ulijitakia?" Mwenzako anaweza kufikiria hata kujidhuru. Kaa naye, mpeleke kwa mtu mzima.

CHEZA, LAKINI KAMA MFUGAJI MWENYE AKILI

1. Panga muda kabla hujawasha simu. Ukifika, zima, hata kama mnyama anadai chakula.

2. Usiku simu isilale kitandani kwako. Iache sebuleni, au kwa mwenyewe aliyekuazima.

3. Usinunue kitu kwenye gemu bila ruhusa ya mwenye pesa.

4. Jina lako kamili, shule, kijiji, namba ya simu na neno la siri, usimpe mtu wa kwenye gemu.

5. Usikubali kutoa mnyama kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Utapeli huu umezidi, hata mwaka 2020 wenye Adopt Me! wakaweka mtihani mdogo wa kutambua utapeli kabla mtu hajaruhusiwa kubadilishana wanyama adimu.

6. Anayekupa zawadi na kukwambia ufiche, mzuie mara moja, kisha mwambie mkubwa.

JADILIANENI

Kaeni wanne wanne, wasichana kwa wavulana. Je, rafiki yako akikwambia anatishwa na mtu aliyekutana naye kwenye gemu, utamwambia nini kwanza? Nani hapa kijijini au mtaani kwenu anaweza kusikiliza bila kufoka? Andikeni jina la mtu huyo kwenye daftari leo, kabla hamjamhitaji.

Mwenye swali anyooshe mkono, na mwenye swali la faragha, nipo hapa mpaka kengele ya mwisho.